Vichwa vya Mchina na Macho ya Baba

Kosa langu nililifanya kabla hata sijafunga begi. Nilimpigia baba simu Mlimba, nikamwambia nakuja kumchukua nimpeleke Ifakara akatibiwe macho. Kwa kuogopa asije akakataa papo hapo, nikaongeza: "Lakini kwanza utanimalizia ile historia ya vichwa vya treni. Tukiimaliza ndipo tunaondoka." Baba akakubali haraka mno. Mtu mwenye akili zilizotulia angeshtuka. Mimi nilifurahi.

Ndugu zangu, mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje hadi safari ya siku chache ikawa ile mliyoisikia kwa watu, na mimi nimekuwa najibu nusunusu. Sasa naandika yote, kituo kwa kituo.

Sanje hadi Ifakara

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufuta na kurudia, na hadi leo nikiona herufi moja imeinama kidogo silali vizuri. Tabia hiyohiyo niliihamishia kwenye historia ya vichwa vya kwanza vya reli yetu, vile vilivyotoka China pamoja na reli yenyewe. Mafundi na madereva waliviita Wachina. Baba alikuwa fundi wa vichwa hivyo tangu ujana hadi alipostaafu, na nyumbani kwetu tulivijua kama watoto wengine wanavyowajua wajomba zao.

Kwa asiyevijua, niseme hivi. Mchina alikuwa kichwa cha dizeli, lakini nguvu ya injini haikupelekwa kwenye magurudumu kwa umeme kama ilivyo kwa vichwa vilivyokuja baadaye. Injini ilizungusha mafuta mazito ndani ya gia, na yale mafuta ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Huku bondeni kilivuta mizigo bila taabu. Kwenye mlima wa kutoka Mlimba kwenda Makambako mafuta yalipata moto, na kichwa kimoja hakikutosha. Walifunga viwili, wakati mwingine zaidi, na fundi alipanda navyo. Dereva alikaa mbele kwenye kioo, fundi akakaa ndani, kwenye chumba cha injini, mkono ukiwa juu ya gia kama mtu anayempima mtoto homa.

Nilikuwa nimeandika karibu yote hayo. Kilichobaki ni sura moja. Miaka ilivyosonga, baadhi ya Wachina walipelekwa kufunguliwa, wakatolewa injini zao na kuwekewa injini za Kijerumani. Nilitaka kujua ilikuwaje kwa mafundi kuona hivyo. Kila nikimuuliza baba kwa simu, mtandao ulikuwa unakatika.

Nilitoka Sanje na pikipiki ya matairi matatu iliyobeba ndizi za kupeleka Kiberege. Mwenye ndizi alinikalisha juu ya mikungu, akaniambia nisizikandamize. Nilisafiri nikiwa nimejiinua kwa mikono njia nzima, na tulipofika Kiberege mikono ilikuwa inatetemeka hata nikashindwa kushika kikombe cha chai. Mama wa chai akaniuliza kama nina malaria. Nikasema hapana, ni ndizi. Akaniangalia kwa huruma zaidi.

Ifakara nilifika mchana, nikapitia kwanza hospitali. Muuguzi wa macho alinieleza taratibu, kwa upole, kwamba presha ya macho haisubiri. Kilichokwishapotea hakirudi, upasuaji unalinda kilichobaki. Daktari bingwa angekuwepo hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, kisha angeondoka, na hakujua angerudi lini.

"Mlete mapema," akasema. "Hawa wazee wa kiume wanakuja wakishaanza kugonga milango."

Stesheni ya Ifakara

Treni ya abiria ilichelewa. Niliamua kutumia muda huo kunakili namba za mabehewa ya zamani yaliyoegeshwa pembeni, maana kwenye kurasa zangu kulikuwa na namba mbili nilizozitilia shaka. Sikuwa nimeandika tatu, mlinzi akatokea nyuma yangu na rungu lake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unaandika nini?"

"Namba za mabehewa, mzee."

"Za nini?"

"Historia."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Historia. Na yule aliyekuja mwezi uliopita na futi ya kupimia alisema ni mchoraji. Nyie watu wa chuma chakavu mngesema tu ukweli, ningewaheshimu."

Nilipoogopa nikaanza kueleza, na mimi nikieleza kwa woga naeleza sana. Nikamweleza gia ya mafuta, nikamweleza injini za Kijerumani, nikamweleza tofauti ya magurudumu. Kila nilichosema kilizidi kumthibitishia kwamba najua bei ya chuma. Mwisho akanikalisha kwenye benchi mbele ya kibanda chake, mahali anaponiona.

"Baba yako anaitwa nani?" akauliza.

"Fundi Alois. Wa Mlimba."

"Alois mbishi?"

Nikasema ndiye. Akacheka hadi akaweka rungu chini. "Sasa ungeanza na hilo. Mimi na baba yako tulibishana mwaka mzima kuhusu simba kama anaweza kuogelea." Akafungua bakuli lake, tukala mihogo ya kuchemsha na samaki mdogo wa kukaanga. Lakini hakuniruhusu kurudi kwenye mabehewa.

Ifakara hadi Chita

Treni ilikuja asubuhi. Nilipata kiti karibu na mwanamke mwenye kikapu cha kambale waliokaushwa, na harufu yake ilinituliza, maana ilikuwa harufu ya kwetu. Tulipofika Mbingu treni ikasimama. Mvua ya juu milimani ilikuwa imeleta maji hadi kwenye tuta la reli, na ilibidi watu wa njia wakague kwa miguu kabla hatujapita. Abiria walishuka, wengine wakawasha moto wakapika. Mimi nilihesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa, nikazihesabu tena kana kwamba zingeongezeka.

"Kijana, kaa chini. Unaninyima hewa kwa kuzunguka," yule mwanamke akasema. Kwa lafudhi nilijua ni Msukuma. Akaniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia.

"Fundi Alois? Huyo ni jirani yangu. Mimi ndiye Mama Kulwa ninayempelekea maziwa." Akanitazama upya. "Kumbe wewe ndiye Deo wa historia. Baba yako ametangaza mtaa mzima. Anasema ni historia ndefu sana hiyo."

"Si ndefu, mama. Imebaki sura moja."

"Yeye anasema ndefu."

Nikamuuliza macho ya baba yakoje, kwa sababu kwenye simu hunijibu "yapo." Aligeuza kambale mmoja kwenye kikapu.

"Wiki iliyopita alipita zizini kwangu asubuhi. Akasema, habari za asubuhi mama. Mimi nilikuwa ndani. Aliyesimama pale ni ndama. Ndama hakuitikia, baba yako akakasirika. Nikamsikia anasema, watoto wa siku hizi hawana adabu."

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha akafunika kikapu chake.

Treni ilivuka maji polepole, kama mtu anayevuka kijito ameshika viatu mkononi. Chita tuliingia jua likielekea kuzama, na huko wakatuuzia wali wa moto kwenye majani ya mgomba. Mama Kulwa alinilipia wangu kwa kambale wawili bila kuniuliza.

Mlimba

Baba alikuwa amenisubiri mlangoni. Nikamsalimia, akaitikia, kisha akapapasa bega langu kabla ya kulishika, jambo ambalo hakulifanya zamani. Nilijifanya sikuona.

"Tuna kazi kubwa," akasema kwa furaha. "Nimeshaipanga."

Kweli alikuwa ameipanga. Siku ya kwanza alinieleza jinsi mafundi wa Kichina walivyowafundisha vijana wetu kwa kuchora chini kwa kijiti, kwa kuwa hakukuwa na lugha ya pamoja, na jinsi neno la kwanza alilojifunza fundi mmoja wa Kichina lilikuwa "bado." Siku ya pili tulishinda kwenye filimbi peke yake. Alieleza jinsi kichwa cha mbele na cha nyuma vilivyozungumza kwa filimbi mlimani, na jinsi yeye kule ndani alivyozungumza na dereva kwa kugonga ukuta wa chuma na spana: mara moja ni endelea, mara mbili ni punguza, mfululizo ni simama. Alinigongea meza nikajifunza. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu nikamwambia, "Baba, leo injini za Kijerumani."

"Kwanza tukubaliane kitu," akasema. "Mchina aliyewekewa injini ya Kijerumani bado ni Mchina?"

Hapo alinimaliza. Niliona mara moja kwamba hesabu yangu yote ya vichwa inategemea jibu hilo. Tulibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Yeye akasema ni Mchina, kwa sababu gia ni ileile na mwili ni uleule. Nikakubali. Nilipomaliza kusahihisha kurasa, akageuka akasema siyo Mchina tena, kwa sababu mlio ndiyo jina. Nikaanza kusahihisha upya.

Mama Kulwa alikuja na maziwa mgando, akanikuta uwanjani nimezungukwa na karatasi.

"Mmefika wapi?" akauliza.

"Tumerudi nyuma kidogo."

Akaweka kibuyu chini. "Deo, mimi sijasoma. Lakini nimechunga ng'ombe tangu kule kwetu hadi bonde hili. Ng'ombe mzee asiyetaka kuvuka mto, anakula majani ya ukingoni. Anakula kwa bidii sana. Unadhani ana njaa." Akachukua kibuyu kingine kitupu, akaondoka. Hatua chache mbele akageuka. "Huyo amekujua udhaifu wako. Wewe unaandika, na yeye anazidi kupofuka."

Nilikaa pale na kalamu mkononi. Ilikuwa Jumatatu. Niliona aibu, maana nilikuwa nimeshajua. Nadhani nilijua tangu siku ya filimbi. Lakini ukurasa ulikuwa unatoka vizuri, na sikumbuki mara ngapi maishani baba amekaa nami akazungumza siku nzima.

Nikaingia ndani. Alikuwa anamimina maji kwenye kikombe, kidole amekitumbukiza ukingoni ili ajue yanapofika.

"Baba, historia iishie hapo."

"Haijaisha. Bado sura ya injini."

"Ibaki bila hiyo sura. Nitaacha ukurasa mtupu."

"Wewe?" akasema. "Uache ukurasa mtupu?"

"Ndiyo."

Akaweka birika chini. Nikadhani amekasirika. Nje kulikuwa na treni ya mizigo inapangwa, tukasikia mabehewa yanagongana moja baada ya jingine hadi la mwisho.

"Basi nipeleke mlimani," akasema. "Kesho kuna treni ya kupanda. Tulale Makambako kwa dada yangu, keshokutwa tushuke moja kwa moja hadi Ifakara."

"Baba, daktari anaondoka Ijumaa. Mvua ikikata njia?"

"Nimeupanda mlima ule maisha yangu yote nikiwa tumboni mwa kichwa. Hakuna dirisha mle. Watu wanasema ni mzuri. Mimi sijauona."

Nilimwandikia historia ya vichwa vile, nikamuuliza joto la gia na unene wa mafuta, na sikuwahi kumuuliza hivyo: wewe uliona nini? Nilikubali, ingawa usiku kucha nilihesabu siku zilizobaki.

Mlimba hadi Makambako

Nilimkalisha dirishani. Alivaa koti la kazi, lililopigwa pasi. Treni ilipoanza kupanda alifumba macho, nikamwambia, "Baba, fumbua, ndipo panapoanza." Akasema niache kwanza apasikilize, ajue yuko wapi.

"Sasa tunaingia handaki," akasema, na kweli giza likatufunika. "Hili fupi. Linalofuata lina kona." Likawa na kona. Kijana wa kiti cha mbele aligeuka kumtazama kama mganga. "Hapa Mchina alikuwa anaanza kupumua kwa shida. Hapa nilikuwa nagonga mara mbili. Dereva mmoja alikuwa hasikii, au anajifanya, mpaka nigonge kwa nyundo."

Tulitoka handakini, na sauti ya treni ikabadilika, ikawa tupu, kama ngoma. "Mto Mpanga," baba akasema. "Daraja kubwa." Akafumbua macho.

Chini yetu nguzo zilishuka hadi mbali, na mto ulikuwa mweupe kati ya mawe, na msitu pande zote mbili. Sijawahi kuona kitu kama kile. Baba aliangalia mbele sawasawa kupitia dirisha.

"Mto uko wapi?"

"Huo hapo, baba. Chini."

Aliinamisha kichwa, kidogokidogo, kama anayetafuta sindano. Akapitiliza. Akarudi. Nikamshika kidevu, jambo ambalo mtoto hamfanyii baba yake, nikakielekeza. Akauona. Nilijua ameuona kwa sababu aliacha kupumua. Lakini treni ilikuwa inatembea, na mto ukamtoka tena, na daraja likaisha.

Hakunitazama. "Naona kama ninayechungulia ndani ya bomba," akasema. "Katikati safi kabisa. Pembeni hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Mwanzoni lilikuwa bomba kubwa."

Tulipita handaki jingine, na humo gizani ndipo alipoanza kuniambia sura niliyokuwa nimeiacha.

"Sisi mafundi tulikuwa na tabia," akasema. "Kila mmoja alikuwa na kichwa anachokipenda. Kikianza kuumwa, tulikuwa hatusemi. Tukisema, kitachukuliwa kikafunguliwe, na kikifunguliwa hujui kitarudi na moyo gani. Kwa hiyo tulikitibu wenyewe kimyakimya. Leo unaongeza mafuta, kesho unafunga na waya. Dereva anauliza vipi, unamwambia kizima. Tuliona ni mapenzi."

"Na vilivyopelekwa?"

"Vilivyopelekwa mapema vilirudi na injini ya Kijerumani, vikavuta miaka mingi. Mlio wake sikuupenda. Lakini vilivuta." Mwanga ukarudi, na alikuwa anatazama mikono yake. "Tulivyovificha, siku vilipokufa katikati ya mlima, vikivutwa hadi karakana, tayari gia imekwisha, kila kitu kimekwisha. Vikawa vya kutolewa vipuri. Watu walisema Mchina ni dhaifu. Hakuwa dhaifu. Tulichelewa kusema anaumwa."

Sikuandika. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nilimmenyea yai la kuchemsha lililotoka kwa Mama Kulwa, nikaliweka mkononi mwake, akala polepole.

Makambako kulikuwa na baridi na ukungu. Shangazi alitupikia ugali na maharage mbele ya moto, akamuuliza kaka yake amefuata nini huku juu katika umri huu.

"Nimekuja kuangalia mlima," baba akasema. "Kesho naenda kufunguliwa."

Kushuka

Treni ya kushuka ilichelewa kama kawaida, nami nilizunguka jukwaani hadi baba akanishika mkono. Akaugonga kwa kidole mara mbili. Nikakaa.

Wakati wa kushuka alikaa dirishani tena, na safari hii nilikuwa namwambia mapema: baba, kulia, juu kidogo, kuna maporomoko, baba, kushoto, nyani. Vingine alivipata, vingine vilipita. Kwenye daraja la Mpanga nilimwelekeza kabla hatujafika, akautazama mto kuanzia mwanzo wa daraja hadi mwisho. Mlimba hatukushuka. Mama Kulwa alikuwa stesheni na nguo za baba kwenye mfuko, akamrushia dirishani, akamwambia akirudi amwamkie ndama vizuri. Baba akasema ndama ndiye aanze.

Ifakara tulifika Alhamisi. Pale hospitali daktari, mwanamke mdogo kwa umri, alimuuliza ana hofu yoyote. Nilijua atasema hana.

"Ninayo," baba akasema. "Naogopa mlio wake."

Daktari hakuelewa, nami sikumfasiria. Alimwambia hakuna kitakacholia, akamshika mkono wakaingia.

Imepita miezi sasa. Macho yake yamebaki pale yalipokuwa siku ile, hayajaongezeka, hayajapungua, na daktari anasema hilo ndilo tulilolitaka. Anaishi nami Sanje. Asubuhi na jioni namtia dawa ya matone. Historia nimeifunga ikiwa na ukurasa mtupu, kwa sababu aliyonisimulia kule handakini nilimwomba ruhusa ya kuyaandika kwenu tu, akakubali.